Kadi ya harusi yenye bao: nifanyeje wazee waielewe na mama asiikatae?

BintiPangani

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa waliowahi kutengeneza kadi za harusi zisizo za dukani, na mafundi wa uchapaji kama mpo humu.

Mimi na mwenzangu tunafunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Agosti 2026, kanisani mchana, ukumbini jioni, hapa hapa Dar. Kamati imeshaundwa, mwenyekiti ni baba mkubwa kwa sababu baba yangu ni marehemu, na kazi ya kadi nimeachiwa mimi. Nimeletewa sampuli: njiwa wawili, pete mbili zimeshikana, maua ya dhahabu, utepe. Nazitazama na kujiuliza hizi ni harusi za akina nani. Ukifuta majina yetu ukaandika ya jirani, hakuna atakayegundua.

Sisi kilichotukutanisha ni bao. Ilikuwa kwenye matanga Magomeni, wanaume wamekaa nje na mabao mawili, mimi nimetoka jikoni kupumzisha macho na moshi. Kijana mmoja alikuwa anazihesabu kete kwa macho tu, hagusi kitu, halafu anapiga na kuzunguka mpaka mzee anayecheza naye akaanza kucheka mwenyewe. Nikaomba nikae. Walitazamana wote. Mimi babu yangu wa Pangani alinifundisha bao sijaanza hata shule, kwa hiyo nilijua ninaomba nini. Yule kijana ndiye aliyesimama akanipa kiti chake. Sasa hivi Jumapili jioni hatupokei simu za watu, tunacheza, na bao letu la mninga ndicho chombo cha kwanza tulichonunua pamoja, kabla ya kitanda.

Shida ni hizi. Mama ni mzee wa kanisa, kauli yake: "Yaani niwapelekee washarika wenzangu kadi yenye mchezo wa wavivu wa kijiweni?" Baba mkubwa yeye hana neno na bao, ila anataka maneno yake yote yawepo kuanzia "Familia ya marehemu Mzee fulani wa mahali fulani inayo furaha kukualika", asipunguziwe hata nukta. Mwenzangu naye anataka kila bahasha iwe na komwe moja ndani, zile mbegu tunazochezea bao. Mimi nimechora kwenye Canva, nikaweka picha ya bao letu nyuma na maandishi meupe juu yake. Kwenye simu imetoka vizuri mno, lakini kila ninayemwonyesha anauliza "tarehe iko wapi?"

Kadi ni 300. Bajeti ni shilingi 2,500 kwa kadi pamoja na bahasha, na mweka hazina wetu ni mtu wa kuomba risiti ya maji ya kunywa. Hakuna cha kuongeza hapo.

Je, bao likae wapi kwenye kadi? Na maneno tuyageuze yawe ya kimchezomchezo au tuyaache?

---

Mwana_wa_Kibosho

Hongera sana dada. Sisi tunapenda mlima, mimi na mke wangu, na kadi yetu tuliichora kama njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro. Mstari mmoja unapanda kutoka chini ya kadi kwenda juu: getini tukaandika muda wa ibada, Mandara tukaweka picha za pamoja, Horombo kuingia ukumbini, Kibo chakula, na kileleni mita 5,895 tukaandika muziki mpaka asubuhi. Bibi yangu Kibosho hajui kusoma sana lakini alishika kadi akafuata mstari kwa kidole, akasema "chakula ni karibu na juu kabisa, mnatutesa."

Nilichojifunza ni kwamba mchoro ulifanya kazi kwa sababu ulibeba ratiba. Kama tungeweka picha ya Kilimanjaro kwa pambo tu, ingekuwa kalenda ya benki.

---

Mnyama_wa_Msimbazi

Bora nyie mnapenda bao. Mimi ni Simba, mke wangu Yanga, tukasema kadi iwe nusu nyekundu nusu kijani, kama tiketi ya mechi. Shemeji zangu wakataka nusu yao iwe juu. Wazee wangu wakasema timu iliyoanzishwa 1936 haiwezi kuwekwa juu ya nani sijui, upande wa pili wakajibu sisi 1935, tumewatangulia. Kikao cha kamati kikavunjika bila kujadili bajeti ya vinywaji. Tukarudi kwenye njiwa na pete.

---

FundiKadi_Kkoo

Dada hongera. Nachapa kadi Kariakoo, harusi ndizo zinazonilipia kodi ya fremu, kwa hiyo nakueleza kama ungekuwa umesimama hapa kaunta.

Kwanza ile picha ya bao nyuma ya maandishi, iache. Simu inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi haina mwanga. Kahawia ya mninga mashine inaipata kwa kulundika wino wa rangi kadhaa mahali pamoja, ikikauka inakuwa nzito kuliko ulivyoiona, na herufi nyeupe nyembamba zikichapwa katikati ya wino mzito namna hiyo zinaliwa kingo. Hao wanaokuuliza tarehe iko wapi wanaitazama kwenye skrini. Wakiishika karatasi, jioni, kwenye taa ya sebuleni, watauliza na majina yako wapi.

Sasa kwenye swali lako la msingi. Mimi nina msimamo mmoja, na wateja wengine huwa hawaupendi: mapenzi yenu yaingie kwenye umbo la kadi, maneno waachieni wazazi. Kadi ya harusi kwetu haialiki kwa niaba ya bibi na bwana harusi. Inaalika familia. Mzee anayepokea kadi anatafuta vitu viwili, jina lake limeandikwaje na ni nani anayemwita. Ukimwandikia "Njoo ushuhudie tukifunga goli la mwisho" au "Njoo ule kete nasi", atadhani ni tangazo la bonanza. Nilishawachapia madaktari wawili kadi iliyoigwa cheti cha dawa, hadi mwandiko ulikuwa wa kidaktari. Ilichekesha wenzao wa hospitali. Wageni wa kijijini walipiga simu kuuliza nani anaumwa.

Kwa hiyo baba mkubwa mpe maneno yake yote, bila kupunguza nukta. Hapo utakuwa umemaliza ugomvi mmoja kwa bei ya bure. Wewe chukua umbo.

Na umbo unalo tayari, ni bahati tu. Bao lina safu nne za mashimo manane, maana yake urefu wake ni kama mara mbili ya upana. Bahasha ndefu ile ya ofisini, ya DL, inabeba kadi ya milimita 210 kwa 99. Hilo ni bao. Acha milimita 5 kila upande, kila shimo linapata nafasi ya milimita 25 kwenda kulia na 22 kushuka chini. Duara la milimita 18 linakaa humo likiwa limepumua. Chora kwa mstari tu, rangi moja ya kahawia, juu ya karatasi ya rangi ya maziwa. Usijaribu kuiga mbao. Anayelijua bao atalitambua kwa hesabu ya mashimo, na asiyelijua ataona kadi nzuri yenye miduara. Mama yako yumo kwenye kundi hili la pili, kwa hiyo ukimya ni dawa.

Kadi iwe ya kukunja, mkunjo ukae juu kama hema. Ikifunguka ni 210 kwa 198. Kwenye ukubwa wa A4 inabaki fito ya 99 haswa, na hiyo fito usiitupe, inatoka kadi ndogo ya ramani. Hujalipia karatasi ya ziada hapo.

Halafu nimeona mabao mengi yana shimo moja moja la mraba kila upande, tofauti na mengine. Hayo mawili nataka tuyakate yawe madirisha. Kadi ikiwa imefungwa, kwenye kila dirisha inaonekana herufi moja tu kutoka ukurasa wa ndani, ya kwanza ya jina lako na ya kwanza ya jina lake. Ukifungua, herufi hizo zinakuwa mwanzo wa majina kamili. Kukata kunahitaji kisu cha umbo, na kisu kinalipiwa mara moja tu, ukikata kadi 50 au 500 bei yake ni ile ile. Kwa kadi 300 inaingia kwenye bajeti yako. Kuna watakaokushauri kukata kwa leza, sawa, ila kwenye kadi nene leza inaacha kingo zimeungua rangi ya chai na karatasi ya maziwa haifichi.

Mimi bao silichezi. Niambie hayo mashimo ya mraba yanakaa la ngapi kutoka wapi, kwa sababu kisu kikishatengenezwa hakirekebishwi.

Komwe kwenye bahasha hapana. Ni mbegu ngumu, ya duara, na nusu ya kadi zako zitasambazwa kwa bodaboda. Itatoboa bahasha kwenye kona au itaacha kidonda kwenye kadi. Mwambie shemeji aziweke mezani ukumbini, kwenye kibakuli, watu watachezea mikononi wakisubiri chakula.

---

Mzee_Kete_Unguja

Assalaam alaykum. Mwanangu hongera, Mungu ajaalie kheri. Fundi ameuliza swali la maana, na bora kauliza kabla, maana hapa vijana wengi huchora wakaharibu.

Lile shimo la mraba ndiyo nyumba. Kila mchezaji anayo moja, ipo safu yake ya mbele, shimo la tano kuhesabu kutoka kushoto kwake yeye aliyekaa. Tia akilini hapo: kushoto kwake yeye. Wachezaji wametazamana, basi wa tano wako si wa tano wake. Ukilitizama bao kwa upande mmoja, nyumba yako ipo ya tano na ya mwenzio utaiona ya nne. Hazitazamani uso kwa uso, zimekaa mshazari, zimegusana pembe katikati ya bao. Mchoraji asiyejua huziweka moja juu ya nyingine sawasawa kama madirisha ya ghorofa, na mtu yeyote wa baraza ataona mara moja kuwa bao hilo halichezeki.

Na jambo jengine, kama mnataka kuchora kete. Msitie kete kila shimo kwa ajili ya kupamba. Bao la Kiswahili likifunguliwa, nyumba huwa na kete sita, mashimo mawili yaliyo kuliani mwake huwa na mbili mbili, na mengine yote ni matupu. Jumla kumi. Zilizobaki umezishika mkononi, unanamua, yaani unazitia ubaoni, moja moja. Kwa hiyo kadi inapofika kwa mtu ni mchezo unataka kuanza, sawa na harusi.

Sasa hesabu mwenyewe: kila mtu ana kete 32, kumi zipo ubaoni, mkononi zimebaki ngapi? Ishirini na mbili. Nimesoma tarehe yenu nikacheka peke yangu.

---

BintiPangani

Shikamoo mzee! Wallahi hilo la 22 hatukuliona, tarehe alichagua mchungaji kwa kuangalia Jumamosi iliyo wazi. Nimempigia mwenzangu simu sasa hivi, kanyamaza kidogo halafu akasema "kumi kwa ishirini na mbili, ndiyo." Mtu ambaye kila siku anahesabu hizo kete.

Fundi, nyumba mzee ameshakujibu. Ila nina maswali. Kete kumi kila upande zitachorwaje kama nyumba zimekatwa? Zile sita zilizomo kwenye nyumba zitakaa wapi?

---

UmmuSalim_Mombasa

Mashallah, wazo lapendeza. Huku kwetu Mombasa mambo ni tofauti kidogo. Kadi ya akdi ni ya wanaume, na ya wanawake ni nyengine na siku yake nyengine, kwa hivyo ukitaka pambo la wawili wenyewe lahitaji kukaa kote kuwili bila ya kuonekana umekariri. Na wazee wa kike bado waalikwa kwa mdomo, mtu aenda mlango kwa mlango, hata kadi awe amepewa. Usipoenda ukatuma kadi peke yake waambiwa umeletewa karatasi.

Langu la kuongeza ni moja. Sie wengi tumeacha kutia aya za Qur'ani kwenye kadi kwa sababu mwisho wake zaokotwa jaani. Nawe mama yako akitaka mstari wa Biblia utiwe kila pahali, mwambie utiwe ndani, pamoja na majina, pahali ambapo mtu ataweka kumbukumbu. Usitiwe kwenye ile kadi ndogo ya ramani, hiyo yatupwa getini.

---

Kijana_wa_Maskati

Mimi nipo Maskati, kadi za nyumbani zinanifikia kwa WhatsApp tu, nikaona nichangie upande huo. Msinitumie picha ya kadi iliyolala. Simu imesimama, kadi imelala, napata kitu chembamba kama utambi katikati ya weusi. Tengenezeni toleo la simu lisimame, nusu ya bao juu na nusu chini, maneno katikati. Na huku Oman kuna mchezo unaitwa hawalis, ni ndugu wa bao kabisa, safu nne lakini mashimo saba saba. Jirani yangu nikimwonyesha kadi yenu ataanza kuhesabu na kuniambia limezidi shimo.

---

FundiKadi_Kkoo

Mzee, nashukuru sana. Umeniokolea kisu.

Dada, nimekaa na rula. Kwa vipimo nilivyokupa, kutoka kushoto, katikati ya shimo la nne ni milimita 92.5 na la tano ni 117.5. Kutoka juu, katikati ya safu ya pili ni 38.5 na ya tatu ni 60.5. Kwa hiyo dirisha la juu liko 92.5 kwa 38.5, la chini liko 117.5 kwa 60.5. Yote mawili yanaangukia karibu kabisa na kitovu cha kadi, na mshazari aliousema mzee unatusaidia: ndani, jina la kwanza linaanzia juu kidogo kushoto, la pili linashuka hatua moja kulia. Majina yanakaa kama watu wawili wamekaa kwenye ngazi. Kama yangekuwa yamenyooka moja juu ya jingine tungehangaika na "na" ya katikati tuipachike wapi. Sasa hiyo "na" inakaa kwenye pengo, chini ya jina la kwanza, kushoto kwa la pili.

Juu ya majina ndipo wanapokaa baba mkubwa na maneno yake, pamoja na mstari wa nukta wa jina la mwalikwa. Chini ya majina, kanisa na ukumbi. Herufi zisishuke chini ya pointi 10, na jina la mwalikwa lipewe nafasi ndefu, "Mchungaji na Mama Mchungaji" haliingii kwenye nukta sita.

Kete: zile sita za nyumba usizichore popote. Herufi yenu ndiyo imekaa ndani ya nyumba, inatosha. Chora zile mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwa kila mchezaji, kulia kwake yeye kama mzee alivyosema, kwa hiyo za juu utaziona zinaelekea kushoto kwako. Mengine yabaki matupu. Wageni wengi hawatajua. Wazee wa baraza watajua, na watakaa na kadi hiyo muda mrefu kuliko unavyodhani.

Karatasi: gramu 300, isiyopakwa kitu juu. Huu ndio ugomvi wangu na kila kamati. Watu wanapenda kadi inayong'aa, halafu siku ya kuandika majina kalamu inateleza, wino haukauki, mtu anazipanga kadi moja juu ya nyingine na jina la Mama Askofu linahamia mgongoni kwa kadi ya shangazi. Karatasi kavu inanyonya wino. Kama mtaka mng'ao, uwekeni kwenye bahasha.

Nilitaka pia kukushawishi tuyadidimize mashimo, yawe na kina mtu akipitisha kidole anayasikia. Linapendeza sana. Lakini ukididimiza mbele, nyuma kunatuna, na nyuma ndiko tunakochapa, kwa hiyo ingebidi tugundishe karatasi mbili na bei ingepita 2,500 yako. Mweka hazina huyo wa risiti za maji simtaki dukani kwangu.

Getini: kama ukumbi wenu unaskani, QR ikae nyuma ya kadi, peke yake, nyeusi juu ya eneo jeupe, isipungue sentimita 2 kila upande, na pembezoni mwake paachwe wazi. Najua utashawishika kuiweka ndani ya mojawapo ya mashimo, kila mtu hushawishika. Usifanye hivyo. Mlinzi ana foleni ya watu na simu yenye kioo kilichopasuka. Ingawa, ukitaka la kumwambia shemeji: hiyo QR ilitengenezwa Japani mwaka 1994, katika kampuni ambayo leo inaitwa Denso, na aliyeiongoza kazi hiyo, Masahiro Hara, alipata wazo akiwa anacheza Go, mchezo wao wa kete nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo nyuma ya kadi yenu kutakuwa na mchezo wa pili na hakuna atakayejua. "Single" na "Double", yaani kadi ni ya mtu mmoja au wawili, iandikwe kwa maneno pia, pembeni ya QR, kwa sababu umeme ukikatika mlinzi atarudi kwenye macho.

Muda usiandike PM. Andika "saa 8:00 mchana" na "saa 12:00 jioni" kama baba mkubwa atakavyosema kinywani. Ile kalenda ya simu mtakayomtumia kijana wa Maskati ndiyo iwekwe 14:00 na 18:00, saa za Tanzania.

Na hujaniuliza kuhusu kadi za mchango. Kama hazijatoka bado, weka bao huko pia, lakini dogo, mashimo matupu tu kwenye ukingo. Kadi ya mchango inatangulia miezi kadhaa na inafika kwa watu wengi kuliko watakaoingia ukumbini. Watu wakiwa wameshaizoea miduara ile, ya mwaliko haitawashtua. Mama yako hasa.

---

Mwana_wa_Kibosho

Fundi upo fremu gani? Nina mdogo wangu anaoa Desemba, ni mtu wa kufuga nyuki.

---

FundiKadi_Kkoo

Njoo inbox. Kijumba cha sega la nyuki kina pembe sita, hiyo kazi ya kisu nitaifurahia.

---

BintiPangani

Wakuu narudisha mrejesho. Nimechapisha mfano kwenye karatasi ya kawaida, nikakata madirisha kwa wembe, nikampelekea mama bila kusema neno lolote kuhusu bao. Akaigeuza mbele na nyuma. Akafungua, akasoma "Familia ya marehemu..." mpaka mwisho kwa sauti, akatulia pale kwenye jina la baba. Halafu akafunga, akachungulia herufi kwenye dirisha, akafungua tena. "Hizi duara ni nini?" Nikamwambia ni mashimo ya bao. Akasema, "Sawa, ila msalaba haupo." Basi hilo ndilo sharti lake pekee, msalaba.

Baba mkubwa yeye ameongeza sentensi. Sasa hivi imesomeka hivi:

"Familia ya marehemu Mzee ............ wa Pangani, Tanga, kwa furaha kubwa inakualika Mheshimiwa/Mchungaji/Dkt./Bw./Bi. ........................ kwenye ndoa ya binti yao mpendwa R............ na M............, itakayofungwa siku ya Jumamosi tarehe 22 Agosti 2026 saa 8:00 mchana, na baadaye kwenye tafrija fupi itakayoanza saa 12:00 jioni. Kufika kwako ndiyo furaha yetu, na usipofika tutakuulizia."

Hiyo "tutakuulizia" ndiyo sentensi yake mpya. Mwenzangu anaipenda kuliko kadi nzima. Komwe amekubali ziende mezani, ameshaagiza kwa shangazi yake kilo nzima.

Swali la mwisho fundi: msalaba uingie wapi bila kuharibu bao? Na kazi nikutumieje?

---

FundiKadi_Kkoo

Msalaba usiuweke mbele, utaonekana umepandikizwa katikati ya mashimo na mama atauona kama adhabu. Uweke ndani, juu kabisa, mdogo, kabla ya neno "Familia", kwa kahawia ile ile ya mashimo. Mtu akifungua ni kitu cha kwanza anachokutana nacho.

"Tutakuulizia" usiiguse. Ila "tafrija fupi" mwambie baba mkubwa nimecheka, hakuna aliyewahi kuiona.

Kazi nitumie PDF, ukubwa wa 210 kwa 198 ukiwa umeongeza milimita 3 kila upande za kukatia. WhatsApp sawa, lakini tuma kama dokyumenti, ukituma kama picha inaminywa na mistari yako myembamba itakuja na ukungu. Mahali pa madirisha chora mraba wa rangi yoyote kali isiyotumika kwingine, nitaitoa mwenyewe wakati wa kutengeneza kisu. Nitakukatia moja kwanza kwenye karatasi halisi. Nenda nayo hiyo kwa mzee yeyote wa Magomeni anayecheza, akihesabu akaridhika, ndiyo naanza 299 zilizobaki. Na kalamu ya kuandikia majina iwe ya kawaida, ya jeli inachafua.